Divai ya Kufungua Hamu

Naipingo nzima, kijiji chetu cha Nachingwea, mtu akisema mbele ya Dionisia kwamba hana hamu ya kula, basi amejitakia mwenyewe. Dionisia hamwulizi kitu. Anamkalisha kwenye kigoda, anaingia ndani, anatoka na kikombe kidogo cha bati, kisha anasimama mbele yake mikono kiunoni mpaka anywe chote. Ni chungu, wee! Uchungu wenyewe unaanzia ncha ya ulimi, unapanda mpaka nyuma ya masikio, jicho moja linajifumba lenyewe. Mtu anatukana kimoyomoyo. Lakini ngoja Salamu Maria tatu zipite. Tumbo linaanza kunguruma, na yule aliyekuwa anakunja uso anauliza kumepikwa nini leo.

Dawa ya mganga siyo, msije mkamsingizia. Ni divai. Dionisia aliijulia jikoni kwa mapadre, alikopika miaka kumi na tisa. Enzi hizo parokiani alikuwepo Bruda Amedeus, mzungu mrefu, fundi wa mashine ya kusaga, mtu asiyekaa mezani bila kigilasi chake cha divai iliyolowekwa magome na maganda ya machungwa. Alisema kwao kila ukoo una divai chungu yake, na akina bibi wananuniana miaka kwa kubishana ya nani ni bora. Alisema pia kwamba kuanza kula bila kitu kichungu ni sawa na kuingia nyumba ya watu bila hodi. Dionisia alimcheka, lakini macho yake hayakubanduka kwenye mikono ya Bruda.

Bruda alipozeeka wakamrudisha kwao, na zabibu za kopo alizokuwa anachachusha zikaondoka naye. Dionisia akabaki na ujuzi usio na zabibu. Sasa Nachingwea azitoe wapi? Alizunguka nalo jambo hilo msimu mzima, mpaka siku moja, akiokota korosho na mumewe, akaona mabibo, matunda yenyewe yanayobeba korosho, waliyokuwa wanayatupa. Yamejaa chini ya mikorosho, manjano na mekundu, nzi wanasherehekea. Watu wengine wanayapikia gongo. Yeye akajaza ndoo mbili akaenda nazo nyumbani.

Kazi yenyewe ina masharti. Bibo linakamuliwa siku ileile lililookotwa, likilala limeharibika. Halafu kuna ukakasi. Mtoto yeyote wa kusini anaujua ukakasi wa bibo, unavyokwaruza koo kana kwamba umemeza ganda la mti. Dionisia anaukamata kwa maji ya mchele: anapika uji mwepesi kabisa, anaupoza, anaumimina kwenye juisi, anaacha. Ukakasi unashikana na uji unazama chini, yeye anateka ya juu. Ikishachachuka vya kutosha, anaingiza gome chungu ambalo Bruda alimwonyesha nyuma ya makaburi ya misheni, maganda ya machungwa yaliyokaushwa juani, karafuu, na sukari aliyoiunguza kwenye sufuria mpaka ikawa nyekundu ya kahawia. Mwezi mzima imefunikwa. Akichungulia kabla ya siku yake, anajigombeza mwenyewe.

Kasoro moja tu: Dionisia hanywi. Pombe haimpendi, akimeza kidogo uso unamvimba macho yanapotea. Anaonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Na huku kwetu pombe ya mtu haiguswi mpaka mwenyewe anywe kwanza, hadharani, watu waone kooni inapita. Hata uwe mtawa, utakunywa. Kwa hiyo aliyemnywea ni mumewe, Saturnini.

Ah, Saturnini! Mlaji yule. Mtu mkimya, mkulima wa korosho na ufuta, hana maneno, lakini mbele ya ugali alikuwa anang'ara. Alikuwa anamaliza kikombe, anapangusa mdomo kwa kiganja, anasema, "Haya, Mama Rozalia, leteni," na hapo ndipo watu walipoamini. Rozalia ni binti yao wa pekee, kaolewa Masasi. Sokoni Dionisia hakuwa na haja ya kusifia bidhaa. Alikuwa anamnyooshea kidole mumewe tu.

Divai hiyo ilifika Ruangwa kupitia Leonard. Leonard ni mtu wa kaunta kwenye nyumba moja ya wageni kule, alifundishwa kazi mahoteli ya Dar es Salaam, na tangu wageni wa madini na wanunuzi wa korosho wazidi mjini, alikuwa anatafuta kitu cha kuwashangaza. Alipokuja msibani Naipingo akapewa kikombe. Akaomba cha pili.

"Mama," alisema, "unajua kwamba hii mahoteli makubwa wanaiagiza kwa ndege?"

Akamweleza kwamba Ulaya kuna chupa za namna hiyo chungu nzima, nyingine zinatiwa gome la kwinini, nyingine mizizi ya milimani, na watu wanazinywa jua likianza kupoa, kabla ya chakula, wakichanganya na vitu vingine. Dionisia hakuelewa hilo la kuchanganya mpaka alipokwenda kuona. Leonard alijaza glasi barafu, akapima divai, akapima jini, ile pombe kali ya chupa, kiasi kilekile, akamalizia kwa soda maji, akakamua ndimu, akakata ganda jembamba la chungwa akaliviringisha na kulidondosha juu. Kwa wasioweza ukali aliacha jini akaweka soda ya tangawizi. Kokteli, aliita.

Dionisia alikasirika kweli. "Mwezi mzima nimehangaika kuikoleza, wewe unaizimua kwa maji!"

"Uchungu mtupu unamkimbiza mgeni, mama. Ukiupa baridi na utamu kidogo, anaufuata mwenyewe."

Na kweli waliufuata. Ikawa desturi: kila ndoo mpya ikifika Ruangwa, Saturnini anakuja nayo. Jioni mapema, jua bado lipo, wageni wamekaa barazani, Leonard anamwita mzee mbele. Mzee anakunywa kikombe kikavu, bila barafu wala nini, kisha analetewa sahani, anakula mbele ya watu mpaka mifupa ibaki mieupe. Wanapiga makofi. Glasi zinaanza kutembea. Dionisia anakaa pembeni na khanga yake mpya, na ukimwangalia unaona jinsi alivyojaa fahari.

Basi ikawa baada ya Pasaka. Saturnini akasaza ugali.

Matonge mawili tu, kwenye ukingo wa sahani. Mtu mwingine asingeona. Dionisia aliona.

"Vipi, Baba Rozalia?"

"Kinakwama kidogo." Akagusa hapa, chini ya koo, juu ya kifua. "Kinakwaruza."

Jamani. Kama angekuwa mke wa mtu mwingine yeyote, mke wa fundi cherehani, mke wa mwalimu, huenda siku hiyo wangepanda bodaboda wakaenda hospitali. Lakini huyu ni Dionisia wa divai ya mabibo. Neno kukwaruza kwake lina maana moja tu. Ni ukakasi, akawaza, sikuutoa vizuri. Akailaumu mikono yake. Akairudia ile iliyokuwa ndooni, akaipitisha maji ya mchele mara tatu badala ya moja, mpaka ikawa inaangaza. Na kwa vile mume anasaza chakula, akaongeza gome. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni.

Saturnini alikunywa. Alinyoosha mkono, akapokea, akasema asante, akanywa. Na sahani zikaanza kurudi jikoni nyeupe. Dionisia aliimba nyimbo za kwaya siku hizo akiosha vyombo.

Jirani yake Mwantumu, Mwislamu asiyegusa pombe lakini ndiye anayemkusanyia maganda ya machungwa, alikuja kumletea kikapu mwezi wa sita. Akakaa, akamtazama mbwa aliyejilaza mlangoni.

"Dada Dionisia, huyu mbwa naye anapewa divai? Mbona kanenepa mpaka anaona uvivu kubweka?"

Wakacheka sana. Dionisia alicheka mpaka akajifuta machozi. Mwantumu alipoacha kucheka akageuza macho upande wa Saturnini, aliyekuwa anapukuchua mahindi kivulini, akasema kwa sauti ya chini, "Na shemeji naye? Shati linamning'inia."

"Kazi za shamba," akasema Dionisia. "Na bado, anakula vizuri sasa hivi. Wewe subiri tu."

Siku ya pili alimwona mumewe anatoboa mkanda kwa msumari wa moto. Tundu la tatu hilo. Moyo ulimshtuka, tusimwonee, ulimshtuka. Alisimama mlangoni na neno hospitali likamfika mdomoni. Lakini aende akaseme nini dirishani? Kwamba mume wa Dionisia hana hamu ya kula? Aibu ilimkaba, na hiyo aibu ndiyo itakayomla maisha yake yote. Akarudi ndani akaongeza gome.

Mwezi wa nane wakaenda Ruangwa na ndoo. Siku hiyo wageni walikuwa wengi, baraza imejaa. Leonard aliposalimia, "Shikamoo mzee," alimtazama Saturnini kuanzia juu mpaka chini, akataka kusema kitu, akaitwa mezani. Jua lilikuwa bado la manjano ukutani. Saturnini akasimama, akanywa kikombe chake chote. Makofi. Ikaja sahani: wali, paja la kuku.

Akalitazama lile paja. Dionisia anasema mpaka leo hajawahi kumwona mtu anatazama nyama vile. Alilimega akatia mdomoni, akatafuna, akatafuna, akatafuna. Watu wakaanza kucheka wakidhani ni maigizo. Akameza. Macho yakamtoka. Alishika ukingo wa meza, mate yakaanza kumtiririka kidevuni, akainuka akakimbilia nyuma ya kaunta huku ameziba mdomo, na kila mtu pale barazani akasikia kilichofuata.

Mgeni mmoja akaisukuma glasi yake mbali, akauliza hiki kinywaji kimewekwa nini. Leonard, Mungu ambariki, aliichukua ileile glasi akainywa mpaka barafu ikagonga meno, akasema, "Kinywaji hakina neno. Mzee anaumwa." Ndivyo ilivyosemwa kwa mara ya kwanza, na aliyesema ni mtu wa kaunta.

Nyuma, kwenye bomba la maji, Dionisia alikuwa amemshika mumewe mabegani. Mifupa mitupu.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na zile sahani?"

Saturnini akanawa uso. "Nampa mbwa. Ukiingia jikoni, nampa."

"Kwa nini, Baba Rozalia? Kwa nini usiniambie?"

"Ningekuambiaje? Divai ya kuleta hamu, halafu mume wako mwenyewe hali. Nani angeinunua tena?" Akakohoa. "Uji ulikuwa unapita. Nilijua kitaachia chenyewe."

Hapo alitaka kumpiga. Kweli, mkono ulimwinuka. Badala yake akamfuta kidevu kwa khanga ile mpya, wakakaa kwenye ngazi za nyuma.

Hospitalini walipokelewa na daktari msichana, mpole, aliyewaita baba na mama. Akamwuliza Saturnini kinakwama wapi, chakula gani kinapita, gani hakipiti, maji je? Akaandika. Kisha akauliza, "Na hamu ya kula unayo, baba?"

Dionisia alishafungua mdomo amjibie. Hana, daktari, alishakaribia kusema, hana kabisa, tunahangaika tangu Pasaka.

"Ninayo," akasema Saturnini. "Tena nyingi. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na njaa kama ya mwaka huu."

Daktari akainua uso.

"Kuna divai mama anatengeneza, ya kufungua tumbo," akaendelea taratibu, kwa fahari kabisa, kama anayemtafutia mteja. "Inafanya kazi, daktari. Nikinywa tu, njaa inanijia mpaka mikono inatetemeka. Kinachonishinda ni kumeza."

Dionisia akaanza kuhesabu. Vikombe vitatu kwa siku. Tangu Pasaka mpaka mwezi wa nane. Kila siku, kwa mkono wake huu, alimkalisha mtu asiyeweza kumeza akamwashia njaa, kisha akamwekea mbele ugali wa moto, na mlenda, na samaki wa kukaanga, akaenda jikoni kuimba. Na mumewe kila mara alisema asante. Hiyo asante ndiyo iliyomuua Dionisia pale kwenye kiti. Alitaka kumwomba msamaha, lakini mbele ya daktari ataanzaje? Akabaki anaukunja mkoba wake, anaukunjua.

Wakatumwa Dar es Salaam. Rozalia aliwafuata huko, akawapeleka dirisha kwa dirisha. Uvimbe walioukuta kwenye umio, njia ya chakula, ulikuwa umeshakua na kushikana na viungo vya jirani, haukatiki. Daktari wa huko, mzee mwenye miwani, alisema, "Mngekuja mapema kidogo," halafu akauona uso wa Dionisia, asiendelee. Walimwekea Saturnini mpira tumboni wa kulishia, wakamfundisha mkewe namna ya kusukuma uji mwepesi kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Wakarudi Naipingo.

Leonard alipiga simu mara nyingi, siyo kwa divai, kwa kuuliza hali. Mara moja tu alisema wageni wanaulizia. Dionisia alimwambia aje achukue ndoo zote mbili zilizobaki, na maganda, na gome, na karatasi yenye vipimo aliyoachiwa na Bruda. "Mama, hilo siyo kosa la divai," alisema Leonard alipofika. Akajibiwa kwamba hakuna aliyesema ni kosa la divai. Alipakia akaondoka bila kugeuka nyuma.

Sasa mabibo yameanza tena kudondoka, na mwaka huu Dionisia hayaokoti. Anaamka, anachemsha uji, anauchuja mara mbili usizibe mpira, anausukuma polepole, anausafisha mpira kwa maji. Anafanya vizuri, hata nesi amemsifu. Ni kazi pekee aliyobaki nayo na haiponyi chochote. Ameshasali novena. Mwantumu ameshaomba dua. Rozalia anatuma maziwa ya kopo. Saturnini anakaa mkekani chini ya upenu, mwepesi kama tawi, na hasemi kwamba anaumwa.

Juzi alisema kitu kingine.

"Mama Rozalia. Tumbo limejaa. Mdomo ndio una njaa."

Dionisia akamtazama.

"Pika kisamvu. Utie karanga. Usipikie ndani, pikia hapa uwani."

"Baba Rozalia, jamani, usinifanyie hivi."

"Pika."

Akapika. Alitwanga kisamvu, akatwanga karanga, akaweka mafiga matatu hatua nne kutoka mkekani, moshi na harufu vikamwendea mumewe usoni, naye akafumba macho akavuta pumzi ndefu. Ugali ulipoiva akausonga, akaupakua kwenye sahani moja. Akaiweka chini. Hakujua aiweke upande gani.

"Kula," akasema Saturnini.

"Siwezi. Siwezi kula unanitazama."

"Nakuomba. Kula nikuone."

Kwa miezi ile yote Dionisia ndiye aliyempa mumewe amri mbele ya sahani. Dionisia akanawa. Akakata tonge, akachovya, akatia mdomoni. Mumewe alisogea mbele kidogo, akawa anauangalia mdomo wake, na alipomeza, koo la Saturnini nalo likapanda likashuka.

"Chumvi imekolea?"

Dionisia hakuwa amesikia ladha yoyote.

"Imekolea."

"Na karanga?"

"Zimeshika vizuri."

"Hilo tonge dogo," akasema Saturnini. "Kata kubwa."

Akakata kubwa.